Umezoea mashine ya umeme, sasa unataka wembe na povu: mwongozo kamili wa kuhama bila kujichanja

Kila anayehama kutoka mashine ya umeme kwenda kwenye wembe ananiletea malalamiko yaleyale: shingo imekuwa nyekundu, kidevu kina vichanjo viwili vitatu, na mashavu bado yanakwaruza kama msasa. Halafu wote wanamalizia kwa kusema "nadhani nimenunua wembe mbovu." Mara nyingi wembe hauna kosa lolote, kosa liko mkononi.

Mashine imekufundisha mambo manne kwa miaka yote hiyo. Kunyoa uso ukiwa mkavu, kukandamiza, kuzungusha zungusha, na kutaka ngozi iwe laini hapohapo kwa kupita mara moja. Kwenye mashine hayo yote yanasameheka kwa sababu kati ya visu na ngozi kuna kile kiwavu cha chuma kinachokulinda. Kwenye wembe hakuna kiwavu, kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili ni mkono kusahau ulichokijua, kujifunza vitu vipya ni kidogo tu.

Naongelea kinyoleo cha chuma, kile ambacho kichwa chake unakifungua kwa skrubu unaweka wembe mmoja wa pande mbili. Lile kisu la kukunja la vinyozi ni habari nyingine, usianzie huko.

## Vitu vya kuwa navyo

Kinyoleo. Tafuta kile kinachoitwa cha upole, maana yake wembe haujitokezi sana nje ya kichwa. Kama ukingo wa chini una meno meno kama kitana, acha kwanza, chukua wenye ukingo ulionyooka. Kiwe na uzito kidogo mkononi, kisiwe kama cha plastiki, maana uzito huo ndo utafanya kazi ambayo zamani uliifanya kwa kukandamiza.

Nyembe. Nunua pakiti ndogo za aina tatu au nne, usibebe boksi la nyembe mia za aina moja eti kwa sababu jirani amezisifia, wembe unaomfaa yeye unaweza kukukwaruza wewe. Ila mwezi wa kwanza tumia aina moja tu. Ukibadilisha wembe, sabuni na kila kitu kwa pamoja, ukiumia hutajua nini kimekuumiza.

Sabuni au krimu ya kunyolea. Ya kunyolea kweli, inayopigwa kwa brashi. Sabuni ya kuogea povu lake linakauka haraka na halitelezi. Povu la kopo la kubonyeza linafanya kazi kwa shida shida, kama ndo unalo litumie, ila usije ukanilaumu.

Brashi. Kwa anayeanza nashauri ya nywele za bandia. Haihitaji kulowekwa, inakauka upesi na inapiga povu kirahisi. Za nguruwe ni nzuri pia ila lazima uziloweke dakika kadhaa kabla, na zinachukua wiki kadhaa kulainika, na wapo wasiotaka kabisa nywele za nguruwe usoni, kwa hiyo soma lebo.

Bakuli au kikombe kipana, chochote kile. Chenye mikwaruzo mikwaruzo chini kinasaidia.

Jiwe la shabu. Usiliruke hili, sababu utaiona kwenye hatua ya 8.

Losheni ya baada ya kunyoa isiyo na spiriti, taulo safi, kioo, na taa inayomulika uso wako, sio inayomulika kisogo.

Kopo la bati lenye mfuniko, la nyembe zilizotumika.

Mashine yako ya zamani. Ndiyo, hiyohiyo. Usiigawe kwa mtu, wiki chache zijazo bado una kazi nayo.

## Nani asubiri kwanza

Kama una chunusi zilizoiva au vidonda usoni, subiri vipoe. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ngozi yako huwa inachelewa kupona, ongea na daktari wako kabla ya kushika wembe wazi. Na kama una vipele sugu vya ndevu, vile vinavyotokana na nywele za kujikunja kurudi ndani ya ngozi, sikudanganyi, wembe unaweza kuvipunguza kidogo au unaweza kuviongeza. Wapo ambao dawa yao ni kutonyoa hadi mzizini, wanabaki na mashine inayoacha nywele fupi kidogo, na hakuna ubaya wowote katika hilo.

## Hatua ya 1: Ijue ramani ya ndevu zako

Acha ndevu siku mbili bila kunyoa. Kisha pitisha vidole usoni taratibu, juu kwenda chini, chini kwenda juu, kulia, kushoto. Upande ambao vidole vinateleza ndiko ndevu zinakolala, upande unaokwaruza ni kinyume.

Mashavuni kwa watu wengi ndevu zinalala kuelekea chini, hapo rahisi. Kizaazaa kiko shingoni. Zipo zinazolala kuelekea juu, zipo za kuelekea kwenye sikio, na unaweza kukuta kijiduara kimoja chini ya taya ambacho nywele zake zinazunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Upande wa kulia na wa kushoto si lazima vifanane.

Chora. Natania lakini nasema kweli, chukua karatasi, chora uso, weka mishale. Mashine haikuwahi kujali nywele zinalala wapi kwa hiyo hujawahi kuangalia, na nakuhakikishia kuna sehemu shingoni mwako itakushangaza.

*Umefaulu kama:* unaweza kufumba macho ukasema kila sehemu ya shingo ndevu zinaelekea wapi.

## Hatua ya 2: Funga wembe vizuri

Vinyoleo vingi vina vipande vitatu: kofia ya juu, sahani ya chini, na mpini. Fanya hivi mikono ikiwa mikavu.

Geuza kofia chali, ule upande wenye vijiti uangalie juu. Toa wembe kwenye karatasi yake ukiushika ncha mbili fupi, zile zisizokata, usiushike kwa pande ndefu hata kidogo. Uvalishe kwenye vijiti. Weka sahani juu yake, na angalia sahani imegeukia wapi, upande wenye tumbo ndo unakumbatia wembe. Hapo watu wengi wanakosea, wanaweka sahani kinyume halafu wanashangaa kinyoleo hakikati kitu. Kisha kaza mpini, na wakati unakaza bana kichwa kwa zile ncha mbili fupi.

Mwisho kiangalie kwa mbele. Wembe ujitokeze sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja ukizidi, legeza, nyoosha, kaza tena, maana ule uliozidi ndo utakaokuchanja.

Onyo: kinyoleo kikikuponyoka kikaanguka, usikidake. Kiache kianguke. Mkono una haraka kuliko akili na wembe una haraka kuliko vyote viwili.

## Hatua ya 3: Lowesha, tena usiwe na haraka

Hili ndo tofauti kubwa kabisa na mashine. Mashine nyingi zinapenda uso mkavu, nywele zisimame wima. Wembe unataka nywele zilizokunywa maji, maana unywele mkavu ni mgumu, ukishalowana unavimba na kulainika, wembe unapita bila kuuvuta.

Inachukua dakika mbili tatu. Nyoa baada ya kuoga, au weka taulo lililoloweshwa maji ya uvuguvugu usoni, likipoa rudia mara moja. Uvuguvugu, sio moto wa kuchemka, maji ya moto sana yanakausha ngozi na kuifanya iwe nyekundu hata kabla hujaanza. Huna maji ya uvuguvugu? Ya baridi yanafaa, ongeza tu muda.

Usijifute. Uso ubaki na maji.

Na kama ndevu zimeshakuwa za wiki nzima, zipunguze kwanza kwa mashine ukiwa bado mkavu, halafu ndo uoge. Ndevu ndefu zinaziba kinyoleo na zinavuta.

## Hatua ya 4: Piga povu

Watu wanaukimbilia wembe wakati povu ndo nusu ya kazi. Kazi ya povu ni kushika maji juu ya nywele na kuteleza chini ya wembe, uzuri wake kwenye kioo haukusaidii kitu.

Lowesha brashi, ikung'ute mara mbili iwe na maji ila isichuruzike. Izungushe juu ya sabuni sekunde 20 mpaka 30, mpaka uone nywele za brashi zimebeba uji mzito. Kama ni krimu, kiasi cha punje ya maharage kinatosha, weka bakulini.

Sasa zungusha bakulini. Mwanzoni utapata povu kubwa kubwa lenye mapovu yanayoonekana, kama la kufulia. Endelea. Dondoshea maji matone matatu manne, zungusha tena, dondoshea tena, na kila mara angalia. Litapita kwenye kuwa zito na kufifia kama chaki, hapo wengi wanasimama wakidhani limeiva. Bado. Ongeza matone mengine mpaka lianze kung'aa, kama rangi mbichi ukutani. Chukua kidogo katikati ya vidole viwili, sugua. Vinateleza? Tayari. Vinagandana? Ongeza maji. Linachuruzika kwenye mkono? Umezidisha maji, rudi kwenye sabuni na brashi.

Kama umefuata yote hayo na povu linakufa ndani ya dakika, inawezekana maji yako ni magumu, yale yanayoacha ukungu mweupe kwenye birika. Chokaa iliyomo inagombana na sabuni. Tumia krimu badala ya sabuni ngumu, au chemsha maji ya kunyolea pembeni uyaache yatulie na kupoa.

Nakushauri kitu kimoja kinachoonekana cha kijinga: siku moja kabla ya kunyoa, jioni, kaa upige povu mara mbili tatu bila kunyoa kabisa, lipige hata kwenye kiganja, kisha lioshe. Utakuwa umemaliza makosa yote ya povu bila kuwa na wembe shingoni.

Lipake usoni kwa kuzungusha brashi ili liingie chini ya nywele, malizia kwa kulilaza kama unapaka rangi. (Hapa ndo sehemu pekee ambayo ule mkono wako wa kuzungusha unaruhusiwa.)

*Umefaulu kama:* baada ya dakika tatu povu lililoko shavuni bado lina unyevu na halijaanza kupasuka pasuka.

## Hatua ya 5: Tafuta engo

Engo unayoitafuta ni kama nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi. Hakuna anayepima usoni, kwa hiyo fanya hivi.

Laza kofia ya kinyoleo shavuni, mpini ukiwa umenyooka kutoka usoni kama msumari uliopigwa ukutani. Hapo wembe haugusi kitu. Sasa anza kuvuta chini taratibu huku ukishusha mpini kidogo kidogo. Kuna mahali utasikia wembe umeanza kushika nywele, kwa mguso na kwa sauti, sauti kavu kama mtu anakwangua karatasi. Engo ni hiyo. Mpini ukiushusha zaidi ya hapo unaanza kukwangua ngozi.

Zima redio. Mashine ilikuwa inanguruma kwa hiyo masikio yako hayajawahi kushiriki kwenye kunyoa, sasa yana kazi. Sauti ikipotea, engo imepotea.

Halafu presha. Presha ni sifuri. Mdogo wangu nilipomfundisha alikuwa ananiambia "kaka, mbona hakikati?" na mimi namwona kabisa kucha za vidole zimekuwa nyeupe kwa jinsi alivyobana mpini. Nikamwambia shika kwa ncha ya mwisho kabisa, vidole viwili na dole gumba, kama umeshika brashi ya rangi. Ukishika hivyo huwezi kukandamiza hata ukitaka, kichwa kinalala chenyewe kwa uzito wake. Akavuta mara moja, akakaa kimya, akaangalia kwenye maji nywele zinavyoelea. Hapo ndo alielewa, mimi maneno ya nusu saa hayakusaidia kitu.

## Hatua ya 6: Wiki ya kwanza, mashavu tu

Najua hii itawaudhi wengi. Wiki ya kwanza nyoa mashavu peke yake kwa wembe, raundi moja (yaani kila sehemu unaipitia mara moja), kwa kufuata ndevu zinakolala. Kisha osha uso, kauka kabisa, shingo na kidevu malizia kwa mashine kama ulivyozoea. Mimi siku ya kwanza nilinyoa uso mzima, asubuhi, nikiwa na miadi saa mbili. Nilifika na kipande cha tishu kidevuni, na kingine nilikisahau shingoni.

Ratiba yangu ninayowapa watu iko hivi: wiki ya kwanza mashavu, ya pili ongeza shingo, ya tatu ongeza kidevu na juu ya mdomo, ya nne ndo ufikirie raundi ya pili. Na unyoe siku moja, upumzike siku moja, ngozi nayo inajifunza.

Namna ya kuvuta: vuta kidogo kidogo, sentimita mbili mpaka tatu, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Usirudishe wembe juu kama unafuta ubao, inua kwanza, rudi, vuta tena. Usiuteleze ubavu kabisa, wembe ukienda ubavu unakuwa kisu cha kukatia mkate na ngozi ndo mkate. Kila baada ya kuvuta mara tatu nne, tikisa kinyoleo ndani ya maji, na ugeuze upande wa pili.

Sehemu isiyo na povu usiirudie. Kama kuna nywele zimebaki, paka povu tena ndo upite.

*Umefaulu kama:* ndevu zimepungua. Nimesema zimepungua, sijasema zimeisha. Ukigusa bado utasikia vijinywele, na ndivyo inavyotakiwa. Wembe unapunguza kwa raundi, na kutaka ziishe kwa raundi moja ndo kunakufanya ukandamize.

## Hatua ya 7: Sehemu korofi

Shingo. Toa ile karatasi yenye mishale. Kama nywele zinalala kuelekea juu, basi raundi ya kwanza unavuta kuelekea juu, hata kama mkono unaona ajabu.

Koromeo. Usipite juu yake likiwa limetuna. Vuta ngozi pembeni kwa vidole ili sehemu unayonyoa isogee mahali palipo bapa, nyoa, achia, kisha upande wa pili. Wengine wanameza mate na kubana sekunde moja, koromeo linapanda na pale chini panakuwa bapa.

Mfupa wa taya. Ngozi ya hapa vuta juu kwa mkono mwingine, ukinyoa juu ya mfupa wenyewe engo inabadilika katikati ya safari.

Kidevu. Nywele ngumu kuliko zote ziko hapa. Kiache kipate povu muda mrefu, kiwe cha mwisho kunyolewa. Vuta fupi fupi, hata nusu sentimita.

Juu ya mdomo. Bana mdomo kwenye meno, na chini ya pua inua ncha ya pua kwa kidole. Anza katikati kwenda pembeni kidogo kidogo.

Kuhusu kuvuta ngozi, kuna jambo lazima niliseme kwa wenye nywele za kujikunja. Ngozi ikivutwa sana, unywele unakatwa chini kuliko usawa wa ngozi, ukiachia ngozi unywele unazama, na ukianza kuota tena umejikunja unatoboa pembeni. Kipele hicho. Kwa hiyo kama wewe ni wa vipele, nyoosha ngozi ya kutosha tu wembe usikwame, usiivute kama ngoma.

## Hatua ya 8: Suuza, shabu, subiri

Suuza kwa maji ya baridi. Sio kwamba yanafunga vitundu vya ngozi, vitundu havina mlango, ila yanatuliza wekundu na yanapendeza.

Lowesha jiwe la shabu, lipitishe uso mzima uliolowa. Sasa kaa usikilize. Pale panapochoma ndipo ulipokandamiza au ulipopita mara nyingi. Pasipochoma ulifanya vizuri. Shabu itakusimulia ulivyonyoa bila kukuonea haya, na ndo sababu nilisema usiiruke, ukiona kila siku inachoma palepale kushoto chini ya taya, unajua cha kurekebisha kesho kutwa. Ikitokea kichanjo, bonyeza shabu hapo sekunde 30, vichanjo vidogo vinanyamaza.

Acha dakika moja, suuza, kauka kwa kugusa gusa na taulo, usisugue. Paka losheni kidogo.

## Hatua ya 9: Raundi ya pili, na ya tatu kama una roho ngumu

Ukifika wiki ya nne na shabu haichomi tena baada ya raundi ya kwanza, ruksa. Suuza, paka povu upya, sasa vuta kwa kukatisha, kutoka sikioni kuelekea puani au kinyume chake. Raundi hii ndo italeta ulaini ambao mashine haikuwahi kukupa.

Raundi ya kinyume, dhidi ya ndevu, mimi naifanya mashavuni tu. Shingoni nilijaribu mara mbili, nikajuta mara mbili. Wenye vipele msiiguse kabisa hii raundi, wala msione mmepungukiwa.

## Hatua ya 10: Usafi na kubadilisha wembe

Suuza kinyoleo kwa maji yanayotiririka, kitikise, kiache mahali penye hewa. Usiupanguse wembe kwa taulo, unaumiza makali na taulo. Mara moja kwa wiki kifungue vipande vyote usugue na mswaki wa zamani na sabuni. Brashi isuuze mpaka maji yatoke safi bila povu, ikung'ute, iache ikauke. Sabuni iache wazi ikauke kabla ya kufunikwa.

Wembe mmoja unatoa kunyoa mara tatu mpaka tano, wengine wanafika saba. Usihesabu tu, sikiliza, siku umeanza kuvuta nywele badala ya kukata, utoe. Wembe butu unachanja kuliko mkali, kwa sababu unakurudisha kwenye kukandamiza.

Onyo kubwa: wembe hauazimwi. Sio kwa ndugu, sio kwa rafiki, sio "mara moja tu." Damu usiyoiona kwa macho inabaki pale, na kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Kama nyumba ina wanyoaji wawili, kila mtu kinyoleo chake.

## Ukikwama

Unavuta, unauma. Angalia kwanza povu na muda wa kulowesha, kisha sahani imegeukia upande wake? Kisha ndo ubadilishe wembe.

Vitone vidogo vya damu shingoni. Engo imeshuka mno, au umepita kinyume bila kujua. Rudi kwenye ramani.

Wekundu unaokaa mpaka jioni. Umerudia sehemu moja mara nyingi, au ni presha. Pumzika siku mbili, rudi raundi moja. Kama hata hivyo unaendelea, badilisha sabuni, huenda manukato yake yanakukataa.

Vipele siku ya pili au ya tatu. Acha kunyoa mpaka vitulie, usivitoboe wala kuvichokonoa. Ukirudi, raundi moja tu ya kufuata ndevu. Vikirudi tena, au vikitoa usaha, muone daktari wa ngozi, na mashine unayo bado kabatini.

Bado panakwaruza chini ya taya. Kila mtu ana hapo pake. Angalia mishale tena, karibu kila mara nywele za hapo zinalala ubavu na wewe umekuwa ukizifuata kwenda chini.

## Kopo

Nyembe zilizotumika usizitupe wazi kwenye mfuko wa taka, kuna mtu ataushika ule mfuko. Toboa tundu jembamba kwenye mfuniko wa kopo la bati, funga mfuniko kwa gundi, tumbukiza nyembe kwenye tundu, weka juu ambako watoto hawafiki. Wembe una unene wa milimita 0.1, yaani mia moja zikipangana zinafika sentimita moja, kwa hiyo kopo dogo linachukua miaka. Langu nililianza ile asubuhi ya tishu mbili, na ukilitikisa bado linalia kama lina vitu vichache.